Achaneni na Lali

Savusavu, Fiji, 6 Novemba 2022

Mjomba Eparama,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima. Wewe ndiye wa kuulizwa, maana simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Mama anasema umeoa kisirisiri na mke mpya amekupiga marufuku ndugu. Nimekutetea kidogo. Goti lake bado linamsumbua, lakini kanisani hakosi, na Jumapili iliyopita alimkemea mchungaji mbele ya watu kwa kuimba nje ya sauti. Ndugu yangu Litia ameolewa Taveuni. Mikeka ilitandikwa mpaka uani, na watu wakauliza, mjomba wa bibi harusi yuko wapi? Tukasema Mildura, Australia, anachunga kompyuta.

Sasa kazi. Vituo vya afya ninavyovihudumia visiwani vimekuwa vitatu. Kila kimoja kina ile kompyuta ndogo ya umeme wa jua inayomuunganisha muuguzi na daktari wa Labasa kwa setilaiti, na zote zinasasishwa na Lali, programu yako. Nakaa hapa mezani, nabonyeza, na programu mpya inafika hadi kisiwa cha Naqiri. Kila mara nawaambia wenzangu, hii kaiandika mjomba wangu, katoa bure, yeyote aifungue aone ndani. Wamenichoka.

Ofisi ya mjini inataka niandike ulinganisho: Lali, au Tandem ya wale Wanorwe? Zote ni programu huria, kwa hiyo hakuna cha kununua. Wanataka tu kujua ipi ibaki. Niandikie kwa nini Lali ni bora, kwa maneno ya kitaalamu, nami nitayapamba.

Pia nimetengeneza tovuti ya vituo. Kompyuta ikikwama, muuguzi ataifungua kwenye simu yake na kumwita daktari kutoka humo. Nimetumia kiunzi kikubwa cha kujengea tovuti, kile wanachotumia vijana wa mjini. Picha zinateleza, ukigusa kitu kinapepea. Utaipenda.

Nikienda Naqiri nalala kwa mwalimu Isoa na mkewe Sereima. Ana mimba ya kwanza na bado anapanda miamba kutafuta kaa. Anawapika kwa tui zito, halafu anakaa kunitazama nikila. "Kalesi," ananiambia, "gamba tuachie, tunalo moja tu la kuwaonyesha wageni."

Pokea simu, Mjomba.

Mpwa wako,
Kalesi


Mildura, 2 Desemba 2022

Kalesi,

Marahaba. Mwambie mama yako sijaoa. Mchungaji amwache, kuimba si kazi yake. Litia nimemwombea, mkeka wangu nitautuma.

Huku joto limeanza, nzi wengi, mashamba ya zabibu yamejaa vijana kutoka kwetu na Vanuatu. Jumapili wanakuja kwangu kunywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi. Jirani yangu Colleen ananiletea supu ambayo sikuiomba.

Ulinganisho wako uandike hivi. Tandem inapakua mfumo mzima na kuuweka kwenye nusu ya pili ya diski. Haigusi nusu inayofanya kazi. Mfumo mpya ukishakamilika, mashine inahamia huko, na ukigoma inarudi kwenye wa zamani bila mtu kuigusa. Lali inabadilisha faili moja moja, palepale mfumo ulipo. Ni nyepesi kwa mtandao mwembamba, na wepesi huo ndio ulionifanya niiandike. Lakini Tandem ni bora. Achaneni na Lali.

Tovuti: vunja kiunzi. Weka ukurasa wa maandishi matupu, namba ya daktari, na kitufe kimoja cha kumwita. Ujaribu kwenye simu mbovu kuliko zote kisiwani. Ukifunguka hapo, umemaliza kazi.

Usiniulize zaidi ya hayo.

Mjomba wako,
Eparama


Savusavu, 3 Januari 2023

Mjomba,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya. Mama amesoma barua yako mara mbili, si kwa mapenzi, ila maandishi hayasomeki. Unaandika kama kaa aliyekanyaga wino. Goti limepata nafuu. Nguruwe wa Krismasi alitoroka akiwa ameshaombewa. Tulimla siku ya pili yake.

Sasa nikuambie ukweli, umeniudhi. Miaka yote hii umeilea Lali kama mtoto, nami nimetembea kifua mbele kwa ajili yake, halafu unaniandikia mistari michache kama mtu anayefukuza mbwa. Umegombana na nani? Kama ni wale wanaolalamika kwenye ukurasa wa mradi kwamba hujibu maswali, waache walalamike, hawakulipi.

Halafu ulinganisho wako umesahau bahari. Tandem ikipakua mfumo mzima, kiungo cha setilaiti cha Naqiri kinazibwa siku nzima na muuguzi Vasemaca hampati daktari. Lali inamaliza kabla chai haijapoa. Nimewaandikia ofisini kwamba Lali ibaki, na wamekubali. Kikao cha mwisho ni mwezi ujao.

Kama umechoka, sema umechoka. Mimi ni mtoto wa dada yako. Kwa mila zetu naweza kuingia nyumbani kwako nikachukua ninachokitaka na usifungue mdomo. Basi nakitaka hiki. Nipe Lali niitunze mimi.

Kuhusu tovuti, watu wameisifu sana. Nitaipunguza nikipata nafasi.

Sereima amekuwa mkubwa kama tanki la maji. Isoa hataki hata abebe ndoo. "Nina mimba, sina ukoma," anamwambia.

Kalesi


Mildura, 25 Januari 2023

Kalesi,

Marahaba. Safari hii nimepiga chapa ili mama yako asiumize macho. Nawasalimu wote, pamoja na nguruwe.

Chukua nyumba, chukua vitabu, chukua ile gitaa uliyoililia ukiwa mdogo. Haki hiyo unayo, siikatai. Lali hapana. Sikuachii mtoto wa dada yangu kitu ninachojua kina ufa.

Ufa wenyewe ni huu. Umeme ukikatika Lali ikiwa katikati ya kazi, mashine inabaki nusu ya zamani na nusu mpya, na haiwaki tena mpaka mtu aende mwenyewe na kompyuta mkononi. Sisi mijini hatukuliona hilo, umeme haukatiki. Nyinyi mnategemea jua. Nilianza kuuziba mwaka jana. Kazi haijaisha na haiendi.

Kuhusu bahari, umesema kweli, sikuifikiria. Basi weka mfumo mzima wa Tandem kwenye flashi na uzipeleke kwa meli. Muuguzi atachomeka tu.

Mpaka hapo, msimu huu wa vimbunga usisasishe kituo chochote. Hata kimoja. Betri zikiwa na njaa, usiguse.

Eparama


Savusavu, 20 Machi 2023

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Dhoruba ilipita mwezi uliopita. Sisi tumepoteza bati mbili na jiko la nje, si kitu. Mama mzima. Barua yako ya Januari ilikwama posta na kunifikia baada ya dhoruba.

Litia ana mimba. Mchungaji amehamishiwa Bua, na mama anajifanya amesikitika. Kule Naqiri Sereima alifariki kwa uzazi. Nilikwenda mazikoni. Mtoto ni wa kike na anaendelea vizuri.

Vituo vyote vitatu nimeviweka Tandem, kwa flashi, kama ulivyoelekeza. Ulikuwa sahihi kuhusu flashi. Tovuti nayo nimeibomoa. Sasa ni maandishi tu.

Kula vizuri. Mshukuru Colleen kwa supu.

Kalesi


Mildura, 11 Aprili 2023

Kalesi,

Marahaba. Salamu kwa mama yako, kwa Litia, na kwa wote wa nyumba hiyo.

Barua yako ya Machi nimekaa nayo siku nyingi. Mtu aliyenibishia kwa kurasa nzima kuhusu bahari anabadilisha vituo vyote kwa mstari mmoja, na mstari uliotangulia ni wa msiba. Nikafungua ukurasa wa mradi, ambao sikuwa nimeufungua tangu Krismasi. Nikakuta fundi mmoja wa Labasa ameuliza swali: mashine ya kituo cha Naqiri imefia katikati ya kusasishwa, haiwaki, afanyeje? Swali hilo halikujibiwa na mtu. Aliliuliza mwezi wa pili.

Sereima alifariki siku gani?

Nijibu bila kunihurumia. Na ili usione nakudai ukweli huku nikiwa nimeuficha wangu, nakuambia. Nina ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule unaozima misuli mmoja baada ya mwingine. Ulianzia mkono wa kulia. Umefika kwenye ulimi, ndiyo maana sipokei simu. Ningeongea kama mlevi na mama yako angejua papo hapo. Daktari hana dawa ya kuurudisha nyuma. Colleen ananilisha. Vijana wa zabibu wananiogesha kwa zamu, wanaimba, wanazomeana, na sasa yaqona wananinywesha kwa mrija.

Nilijua kwamba sitaimaliza kazi ya kuziba ufa ule. Nilitakiwa kuandika pale kwenye ukurasa wa mradi, mahali ambapo kila mtu anaona: msiitumie mahali penye umeme wa mashaka. Niliona aibu. Nikaandika kwenye barua, nikaitia kwenye sanduku la posta.

Eparama


Savusavu, 30 Aprili 2023

Mjomba wangu,

Barua yako ameisoma mama kabla yangu. Hakulia. Alitoka nje akaanza kufagia uwanja, akafagia mpaka kwa jirani, ndipo nikamfuata. Anasema anakuja. Tumeshaomba viza; wanatuambia tusubiri. Anakuletea magimbi, na mimi nimeshindwa kumweleza kwamba forodha ya Australia itayatupa.

Umeuliza siku. Ni siku ileile mashine ilipokufa.

Dhoruba ilikuwa imeshapita lakini mawingu hayakuondoka, na betri za Naqiri zilikuwa chini. Sikuziangalia, na barua yako ya onyo ilikuwa bado iko posta. Asubuhi ile kulikuwa na kile kikao cha ulinganisho, nami nilitaka niingie niseme, jamani, nimesasisha vituo vyote vitatu kabla ya kufika hapa. Nikabonyeza. Viwili vikajibu. Naqiri ikakaa kimya, nikasema itajibu baadaye, nikazima simu, nikaingia kikaoni.

Sereima alikuwa amejifungua alfajiri bila taabu. Baada ya hapo damu haikukata. Vasemaca akaiendea kompyuta, ikawa imekufa. Redio ya zamani tuliiondoa sisi wenyewe tulipoleta kompyuta. Akampa mtoto msichana wa kazi wa pale kituoni, akakimbia na simu hadi kilimani, ambako sauti haipiti ila maandishi hupita kwa kubahatisha. Akafungua tovuti yangu. Namba ya daktari ilikuwa humo ndani. Ameniambia yeye mwenyewe, na nakuandikia alivyosema: "Kalesi, kile kiduara kilizunguka. Nikashuka nikambadilisha nguo, nikapanda tena, bado kinazunguka."

Mwishowe akanitumia mimi ujumbe: *Tovuti haifunguki, Sereima anatoka damu, mwite daktari.* Niliusoma nilipotoka kikaoni. Watu walikuwa wananipongeza, nina sahani ya keki mkononi. Daktari akaelekeza, boti ikatoka Labasa papo hapo. Ilifika jioni.

Kwa hiyo usiichukue lawama hii peke yako. Mashine iliuawa na Lali, lakini ukurasa wa maandishi ungepita kilimani pale, na uliniambia niuandike tangu Desemba. Nami niliona utaonekana wa kimaskini mbele ya watu wa mjini.

Isoa anajua kwamba mashine iliharibika. Hajui kwa nini. Amerudi kufundisha. Anapita mbele ya kituo kila siku na hageuzi shingo.

Kalesi


Mildura, 21 Mei 2023

Kalesi,

Marahaba. Mwambie dada yangu asilete magimbi, alete sauti yake tu.

Naandika kwa kidole kimoja, nitakuwa mfupi. Jana nilitoa tangazo kwenye ukurasa wa mradi. Nimeandika kwamba Lali imefungwa, kwamba ina ufa niliokuwa naujua, kwamba mtu amekufa, na kwamba wote wahamie Tandem. Jina la Sereima sikuliandika, si langu kulitoa. Wengine wameshukuru. Mmoja amesema namchezea akili. Mwingine anauliza nani atamtengenezea mashine zake elfu.

Sasa nina ombi. Kwenye kasha la marehemu baba yetu mama yako ana tabua mbili, yale meno ya nyangumi ya kuombea radhi. Chukua ile kubwa. Mwombe Netani wa ukoo wetu awe msemaji, apeleke jino hilo Naqiri kwa jina langu, kwa baba yake Isoa na kwa Isoa. Netani asipambe maneno. Aseme ni mimi niliyeandika programu ile, nilijua, nikanyamaza. Asitaje ugonjwa wangu. Sitaki nisamehewe kwa kuhurumiwa.

Ya tovuti ni yako. Sikuamrishi. Utaona mwenyewe ukishakaa mbele yao.

Eparama


Savusavu, 18 Juni 2023

Mjomba wangu,

Viza imetoka. Tunakuja na ndege ya Nadi mwanzoni mwa mwezi ujao, mama na mimi, na kwa kuwa siku huenda zisituruhusu kukukuta hai, Colleen nimemwomba akusomee barua hii mapema. Nimemwandikia tafsiri ya Kiingereza pembeni, asije akakusomea Kifiji chetu kwa lafudhi ya Mildura ukafa kwa kicheko.

Tumekwenda Naqiri. Mama, Netani na mimi. Bahari ilikuwa mbaya na mama alitapika njia nzima huku ameikumbatia tabua ndani ya kikapu.

Walitupokea nyumbani kwa baba yake Isoa. Wanaume walikaa upande wa juu, wa heshima, Isoa karibu na mlango. Bibi, mama yake Isoa, alikuwa nyuma na mtoto wa Sereima mgongoni. Netani akapiga magoti, akaishika tabua kwa mikono miwili, akasema ulichotaka kisemwe na hakuongeza kitu. Aliposema "alijua, akanyamaza," mtu mmoja akaguna. Mtoto alikuwa ananyonya kidole, unamsikia.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Na mimi." Mwanamke mdogo hasemi mahali pale, Netani alinigeukia kwa macho makali, lakini nilishaanza. Nikawaambia kuhusu betri nisizozitazama, na ukurasa niliouremba mpaka ukashindwa kupanda kilima. Nikawaambia kuhusu keki. Sijui kwa nini niliisema keki.

Baba yake Isoa aliipokea tabua. Alisema wameipokea, njia ya kati yetu na wao isiote majani, nasi turudi tukiwa na shughuli. Yaqona ikakorogwa. Vasemaca alikuja akaketi karibu na mimi, magoti yetu yakagusana.

Isoa hakuigusa tabua. Bakuli lilipomfikia alilipitisha kwa mwenzake bila kunywa, akainuka akatoka. Netani alinishika gauni nisimfuate.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Isoa kwenye uwanja wa shule, anapanga viti. Nilimwambia shikamoo, akaniitikia. Nikasimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mjomba wako mbona hakuja mwenyewe?" akaniuliza.

Ulinikataza, Mjomba. Lakini aliniuliza macho kwa macho, na mimi na wewe tumeshanyamaza vya kutosha. Nikamwambia. Mikono, ulimi, vijana wanaokuogesha.

Alikaa kwenye kiti kimojawapo, vile vidogo vya darasa la kwanza, magoti yamefika kifuani.

"Anaumia?"

"Anasema haumii. Anazimika."

"Kichwa kinafanya kazi?"

"Kichwa ni kizima kabisa."

"Kwa hiyo anajua kila kitu kinachomtokea."

"Ndiyo."

Alitazama watoto waliokuwa wanaingia getini na mabegi yao. Nilidhani ataniambia niondoke. Nilikuwa tayari kuondoka.

"Sereima naye alijua," akasema. "Aliniambia, Isoa, naona baridi, nifunike. Nikamfunika. Alijua."

Kisha akainuka, akakirudisha kile kiti kwenye mstari.

"Mwambie nimesikia."

Nikamuuliza, nimwambie hilo tu?

"Nimesikia," akarudia, na akaenda kugonga kengele.

Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza neno na sikupunguza.

Kalesi